Gurudumu Huchaguliwa kwa Fundi
Mhadhara kuhusu baiskeli za kazi katika mitaa ya Temeke na Kinondoni



Nimeombwa nizungumzie gurudumu la baiskeli, na sitatoka hapo. Fremu, gia na rangi nawaachia wengine. Nina dai moja la kuwaletea, nanyi mtalipima. Mkazi wa Mbagala, Yombo, Tandale au Bunju anayetaka baiskeli inayokwenda vizuri bila kummaliza mfukoni achague gurudumu kwanza, na uchaguzi huo auanzie kwa fundi wa mtaani kwake, kabla hajakanyaga duka la Kariakoo. Ajue fundi yule ana vipuri gani katika boksi lake. Kisha apime mzigo atakaobeba, ndipo atazame njia atakayopita. Mwendo na urembo vije mwisho. Wengi wetu huanza na urembo, na masika ya kwanza hutuonyesha gharama yake.

Njia tatu katika safari moja

Mtu wa Chamazi anayekwenda sokoni Tandika, au wa Goba anayeshuka Mwenge, hupita njia za aina tatu kabla hajafika. Huanza na mchanga wa mtaani, ule mchanga laini wa pwani unaomeza tairi jembamba. Huingia barabara ya udongo iliyochimbwa na maji ya mvua. Mwisho hupanda lami ya Kilwa au ya Bagamoyo, na huko adui zake ni ukingo wa lami uliomegeka, matuta, vipande vya chupa na misumari.

Mambo yamebadilika, hilo tulikubali. Mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, DMDP, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2015, umetia lami na mifereji katika mitaa mingi ya Temeke, Kinondoni na Ilala. Barabara ya mabasi ya mwendokasi iliyoanza kazi 2016 kati ya Kimara na Kivukoni ilijengwa pamoja na njia za baiskeli. Hata hivyo, wanaoanzia Barabara ya Morogoro, inamopita mwendokasi hiyo, na kuishia hapo hapo ni wachache. Mwisho wa safari uko uchochoroni, na gurudumu lile lile lililoteleza kwenye lami ndilo litakalotakiwa kuvuka mchanga wa mlangoni.

Ukubwa wa gurudumu

Chukueni ukingo wa lami wenye kimo cha sentimita 5. Baiskeli kubwa ya inchi 28, ukihesabu na tairi lake, ina gurudumu lenye upana wa sentimita 71 hivi kutoka ukingo hadi ukingo. Baiskeli ndogo ya inchi 20 ina kama sentimita 50. Ukipiga hesabu ya nguvu inayotakiwa kulisukuma gurudumu likwee ukingo ule polepole, bila kurukia, gurudumu kubwa linahitaji nguvu sawa na asilimia 60 ya uzito uliolikalia. Gurudumu dogo linahitaji asilimia 75. Tofauti hiyo mpandaji huipokea mikononi na kiunoni, kila ukingo, kila siku.

Kuna na hesabu ya mizunguko. Katika kilomita moja gurudumu la inchi 28 huzunguka kama mara 450, na la inchi 20 kama mara 640. Dogo hulisha tairi lake haraka zaidi, na gololi za habu yake hufanya kazi zaidi kwa safari ile ile. Lina sifa zake pia: ringi ndogo ni imara kwa ubavu, baiskeli hukata kona upesi, na haijazi chumba cha kupanga. Mtoto wa shule au mtu anayekwenda dukani jirani hana sababu ya kulikataa. Anayetoka Kongowe mpaka mjini kila siku anayo.

Namba inayodanganya

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotelea. Tairi limeandikwa "26", ringi ni "26", na haviingiliani. Sababu ni kwamba namba hiyo ya inchi ni makadirio ya zamani ya upana wa nje wa gurudumu, na viwanda mbalimbali viliyafikia makadirio hayo kwa ringi za vipimo tofauti. Gurudumu la inchi 26 la baiskeli ya milima hukaa kwenye ringi ya milimita 559. Gurudumu la inchi 26 la baiskeli za mjini zinazokuja mtumba kutoka Japani hukaa kwenye ringi ya milimita 590. Milimita 31 hazilazimishwi kwa nyundo. Hata "28" ni mbili: ile ya baiskeli kubwa nyeusi ni milimita 635, na ile ya baiskeli nyingi za Ulaya ni milimita 622.

Namba ya kuaminika ipo, imeandikwa kwa maandishi madogo ubavuni mwa tairi. Ni ya kiwango cha kimataifa ISO 5775, na ina sehemu mbili, kwa mfano 40-635 au 50-559. Ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipimo cha ringi linapokaa. Ya pili ikilingana na ya tairi lako la zamani, tairi jipya litakaa. Kilichobaki ni kuangalia kama unene wake unapita kwenye fremu na madigadi.

Sasa mtaona kwa nini baiskeli kubwa nyeusi imedumu. Raleigh ya Nottingham, Phoenix ya Shanghai, Hero na Avon za Ludhiana zimetoka nchi tatu, na zote zilitoa baiskeli za kazi kwa kipimo kile kile cha 635. Ringi ya moja hupokea tairi la nyingine. Fundi wa Tandika akiweka tairi moja na tyubu mbili za kipimo hicho anawahudumia wateja wa viwanda vinne. Anayeleta baiskeli nzuri ya mtumba yenye kipimo kigeni humlazimu fundi kwenda Kariakoo kwa ajili yake peke yake, na nauli hiyo nani atailipa kama si yeye?

Spoki na kitanda cha kamba

Spoki ndio moyo wa mhadhara huu. Wengi hudhani baiskeli husimama juu ya spoki zake, kwamba zile za chini zinasukuma kama nguzo. Spoki ni nyembamba mno kwa kazi ya nguzo. Kinacholibeba gurudumu ni mkazo: kila spoki imevutwa kati ya habu na ringi, na mvutano wa zote kwa pamoja ndio unaoipa ringi nguvu. Aliyelala kwenye kitanda cha kamba anaielewa kanuni hii. Kamba zilizowambwa sawasawa hubeba watu wawili. Zikilegea, hata mtu mmoja hugusa sakafu, na dawa yake ni kuwamba upya, wala hakuna anayetupa kitanda.

Wazo la gurudumu la mvutano si geni. Mwingereza George Cayley alilifikiria mwaka 1808 alipokuwa akitafuta magurudumu mepesi kwa vyombo vya kuruka. Mwaka 1874 James Starley wa Coventry alipata hataza ya kupanga spoki kwa kuzilaza, zipishane, ili ziweze kuhimili nguvu ya kukanyaga. Mpango huo ndio mnaouona leo kwenye karibu kila gurudumu la nyuma linalopita Mbagala Rangi Tatu.

Gurudumu linapobeba uzito, spoki zilizo chini, karibu na ardhi, hupoteza sehemu ya mkazo wake. Zikipanda juu huurudisha. Kwa gurudumu la inchi 28, kila spoki hulegea na kukaza kama mara 4,500 katika safari ya kilomita 10. Ikiwa ilikazwa vizuri tangu mwanzo, kulegea huko ni kwa sehemu tu na chuma hakiumii. Ikiwa ilikuwa legevu, kila mzunguko hulegea kabisa kisha hushtuka, na chuma huchoka pale kilipopinda, kwenye shingo inayoshika habu. Hapo ndipo spoki nyingi hukatikia. Kwa hiyo mara nyingi spoki inayokatika ni ile iliyoachwa legevu, ingawa wengi huilaumu kwamba ilikazwa kupita kiasi.

Na raha ya kuendesha imo humo humo. Gurudumu lililokazwa sawasawa linakwenda kimya na linamtii mpandaji kwenye kona. Lililolegea hulia, huyumba ukisimama kukanyaga mlimani, na mwenye baiskeli husema "fremu imechoka." Fremu haina kosa. Kinachotakiwa ni spana ya spoki na nusu saa ya fundi mwenye subira. Kipimo ni rahisi: gongeni spoki za upande mmoja kwa ukucha, moja baada ya nyingine. Sauti zinapaswa kukaribiana. Ile inayotoa mlio wa chini kuliko wenzake ndiyo ya kukazwa kabla haijakatika.

Mzigo

Baiskeli kubwa za mtindo wa Kiingereza kwa desturi zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma. Waliozibuni walijua uzito unakaa wapi. Dumu la lita 20 ni kilo 20 za maji. Madumu manne ni kilo 80, mtu mzima wa pili, naye hukalia keria, juu kabisa ya gurudumu la nyuma. Tena mpandaji akiona tuta huinuka kidogo kwenye kiti na miguu yake hulipokea pigo. Dumu haliinuki. Wala gunia la mkaa, wala tenga la kuku, wala madafu. Pigo lote huenda kwenye spoki.

Wingi wa spoki ni bima. Gurudumu lenye spoki 40 likipoteza moja, utafika nyumbani na ringi imeyumba kidogo. Lenye spoki 20 likipoteza moja, ringi huenda ikasugua fremu hapo hapo, na utaisukuma baiskeli kwa mguu. Magurudumu ya spoki chache ni mepesi na yana mahali pake, kwa mtu wa mazoezi asubuhi. Muuza mikate asidanganywe na umbo lake.

Baiskeli ya gia nyingi ina siri nyingine. Friwili yake pana huisukuma ringi isikae katikati ya habu, hivyo spoki za kulia hukazwa sana na za kushoto hubaki na mkazo mdogo. Kwa idadi ile ile ya spoki, gurudumu hilo ni dhaifu kuliko la gia moja. Na spoki ya kulia ikikatika, friwili haina budi kutolewa, kazi inayotaka kifaa chake maalumu. Muulizeni fundi kama anacho. Asipokuwa nacho, kitakachofuata ni nyundo na tindo, na friwili mara nyingi haiponi.

Nisiwasahau wenye guta. Baiskeli ya magurudumu mawili hulala kwenye kona, kwa hiyo uzito unaendelea kushuka katika mstari wa gurudumu. Guta halilali. Likikata kona na shehena, magurudumu husukumwa kwa ubavu, na ubavuni ndiko gurudumu la spoki lilipo dhaifu. Guta lililovishwa magurudumu ya baiskeli ya kawaida linadai zaidi ya yalichoumbiwa. Lipewe spoki nene na habu pana, na dereva apunguze mwendo kwenye kona hata kama njia ni nyeupe.

Ringi na breki

Anayechagua ringi amechagua na breki, na pia mara ngapi atamwona fundi. Baiskeli kubwa ya zamani hufunga breki kwa vyuma vinavyovuta raba zipande na kushika uso wa ndani wa ringi. Ringi ikicheza kidogo kushoto na kulia, raba zinaendelea kushika. Breki za waya hubana ringi ubavuni, hivyo ringi ikicheza milimita chache tu raba zinasugua. Mwenye baiskeli asiye na muda hulegeza waya ili isisugue, na kuanzia hapo anatembea bila breki akidhani ametengeneza. Anayenunua baiskeli ya breki za waya ajue amejiandikisha kunyoosha ringi mara kwa mara.

Ringi ya chuma iliyong'arishwa hupinda, lakini fundi huirudisha kwa nyundo na jicho. Ubaya wake ni mvua: ikilowa, breki hushika vibaya sana, na katika masika ya Machi hadi Mei mpandaji lazima aanze kufunga mapema. Chumvi ya bahari nayo huila, ikianzia kwenye matundu ya spoki. Watu wa Kunduchi na Kigamboni wanaijua kutu hiyo. Ringi ya aluminiamu ni nyepesi, haipati kutu nyekundu, na hushika vizuri zaidi ikilowa. Lakini mchanga ukinasa kwenye raba za breki hugeuka msasa na kula ukuta wa ringi. Ukipitisha kidole ubavuni ukahisi bonde, ukuta umeanza kuisha. Ringi hiyo haichomelewi. Inabadilishwa.

Upepo

Tairi la upepo lilibuniwa mara mbili. Mskoti Robert William Thomson alilipatia hataza miaka ya 1840, likasahauliwa. Mwaka 1887 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, akalibuni tena kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, na safari hii dunia ikalipokea. Kabla yake watu walipanda juu ya mpira mgumu au chuma.

Katika eneo letu tunaye shahidi aliye hai wa gurudumu lisilo na upepo. Ni chukudu ya Goma, mashariki mwa Kongo, chombo cha mbao chenye magurudumu ya mbao yaliyovishwa ukanda wa tairi kuukuu. Hubeba mizigo mikubwa, haipati pancha, na watu wa Goma wameisimamishia sanamu mjini kwao. Inakupa matunzo mepesi, lakini kila jiwe hulipokea mwili wa mwenye chombo. Tukichagua upepo tunachagua raha, na bei ya raha hiyo ni pancha.

Pancha nyingi huzuilika, maana kila tundu linasema limetoka wapi. Tundu moja upande wa nje ni msumari au mbigili. Matundu mawili yaliyokaa sambamba ni tyubu iliyobanwa kati ya ringi na ukingo wa lami, dalili ya upepo mdogo. Tundu upande wa ndani ni ncha ya spoki iliyotokeza, na ukiziba bila kuweka ukanda wa mpira juu ya vichwa vya spoki, utarudi kwa fundi kesho. Fundi mzuri hutazama tundu kabla hajapaka solusheni.

Upepo kiasi gani? Tairi la inchi 28 la baiskeli ya kazi hutaka kama paundi 50, jembamba la mashindano 80 hadi zaidi ya 100, someni ubavuni. Mwenye mzigo ajaze zaidi nyuma, bila kupita kilichoandikwa. Anayepita mchanga mwingi achague tairi pana na kupunguza kidogo, ili lielee badala ya kukata. Na ile hofu kwamba jua la mchana litapasua tairi, hesabu yake ni hii: joto likipanda nyuzi 30, tairi la paundi 50 hupanda kwa paundi 6 au 7 tu. Tairi zima linalistahimili hilo. Linalopasuka juani kwa kawaida lilikwisha chanika, au tyubu ilikunjwa wakati wa kuvisha.

Valvu nayo ni uchaguzi. Valvu ya aina ya gari hujazwa popote penye mashine ya upepo, ila mkono uwe mwepesi, kwani tyubu ya baiskeli hujaa kwa sekunde chache. Ile ya zamani, yenye kimpira ndani, hujazwa kwa pampu ya fundi yeyote; ikivuja polepole, badilisha kimpira kwanza kabla ya kutafuta tundu. Ile nyembamba ya baiskeli za mashindano inahitaji pampu yake au kiunganishi. Anayeitumia atembee nacho.

Habu nitaipita haraka kwa sababu sheria yake ni fupi. Maji ya mafuriko yakifika kwenye ekseli, habu ifunguliwe, gololi zioshwe, grisi iwe mpya. Mchanga wa pwani ukichanganyika na grisi kuukuu husaga koni na kikombe, na gurudumu huanza kucheza hata kama spoki zote ni nzima.

Tufanye nini

Kwa wanunuzi: kabla ya kutoa fedha, soma namba ya ISO, kisha uende nayo kwa fundi wako na kumwuliza kama tairi, tyubu na spoki za kipimo hicho anavyo au anavipata siku hiyo hiyo. Baiskeli ikiwa mpya, irudishe kwake baada ya wiki chache za kwanza akaze spoki, kwani hulegea zinapojikalia.

Kwa mafundi: tozeni kukaza spoki kama kazi yenye bei yake. Mteja akizoea kulipia kuziba pancha tu, mtabaki kusubiri mabaya yatokee, na kazi inayozuia hasara haitapata mlipaji.

Kwa wauza vipuri na Shirika la Viwango, TBS: kipimo cha ISO kiandikwe wazi kwenye risiti na rafu, maana "26" haimsaidii mnunuzi. Na kwa wenzetu wa VETA hapa Chang'ombe: mafunzo ya ufundi wa magari na pikipiki ni mema, lakini kusuka gurudumu la baiskeli ni ufundi kamili unaoweza kufundishwa kwa vifaa vichache, na wateja wake wanapita nje ya geti kila asubuhi.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Maswali nitayapokea, ila ambaye baiskeli yake inalia au kuyumba asiulize kwa maneno. Mafundi wamekuja na spana za spoki na wamekubali kukaa uani kwa muda. Aisogeze huko, wagonge spoki mbele yake, naye asikilize.